Mti Usiotaka Chokaa

Ulikuja ndani ya gunia la makaa,
kisiki kilichokataa kuiva:
upande mmoja mweusi tii,
upande wa pili bado una utomvu.
Muuzaji katupunja, nikasema.
Kahambu akakigeuza kiganjani kama anayekagua kiazi,
akaona jicho la kijani, dogo kuliko punje ya mtama.
"Hiki hakitapika maharage ya mtu," akasema,
akakisimamisha dirishani katika kopo la maziwa ya unga.

Huko juu, kwenye ukungu wa mlima, wapo wanaoujua.
Sokoni Virunga hauna jina.
Majani yake ni sindano zisizochoma.
Sisi tukauita Mkaidi.

Tulianza vibaya.
Tuliumwagia majivu, kama tulivyozoea kwa lengalenga.
Ukanuna.
Tukaunywesha maji ya ziwa, bidoni
iliyopanda kutoka Kituku juu ya chukudu, tena kwa bei.
Ukageuka manjano.
Nami kila jioni niliupapasa, mapenzi tu,
kwa vidole vilivyotoka kazini.

Kazi yangu ni kupaka chokaa.
Kuta za mawe meusi, Ndosho hadi Himbi,
ile mistari myeupe kati ya jiwe na jiwe,
mingi ni ya mkono huu.
Chokaa huingia kuchani, huingia kwenye mkate,
huacha alama ya kiganja kwenye shuka.

Kahambu ndiye aliyeng'amua.
Alinipiga kofi la mkono:
"Toa ukuta wako hapo!
Mti huu hula uchachu, wewe unaulisha mfupa."

Tangu siku hiyo ikawa sheria:
maji ya mvua tu, ya bati,
na mimi ninawe mpaka viwiko kabla ya kusogea.

Nyuma ya nyumba tulipasua lava kwa mtaimbo siku mbili,
tukapata shimo lisilozidi sufuria ya bugali.
Kokoto chini, majani yaliyooza juu,
na mizizi, Mungu wangu, mizizi myembamba
kama nywele za mtoto wa wiki moja.
Usiizike sana. Usiiache ikauke. Usiizamishe.
Nimewahi kujenga nyumba nzima kwa masharti machache kuliko haya.

Kisha Kahambu akaenda Butembo kumzika shangazi yake,
na barabara ikafungwa nyuma yake.
Mwezi. Miezi mitano.
Sasa anautunza kwa simu.
"Mvua imenyesha? Umekinga?
Ukipunguza, kata ncha tu, maua yakishapukutika.
Usiteremke hadi kwenye kuni.
Ulishawahi kuwa kuni."
Haniulizi kama nimekula.
Nami simwambii kwamba upande wake wa kitanda
nimeweka mifuko ya chokaa, isipate unyevu.

Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, husema watu.
Wetu alifaidi Jumanne,
siku isiyo na sikukuu wala umeme.
Nilitoka na ndoo, nikasimama nayo.
Kengele ndogo, mamia, hakuna inayofika punje ya mchele,
nyeupe.
Miaka ishirini na mmoja nauza weupe kwa ndoo,
na kila mwaka wenye nyumba huniita tena:
umebanduka, umefifia, njoo.
Huu umepanda wenyewe kutoka jiwe jeusi,
haudai mtu.

Nyuki walitoka wapi, sijui.
Mtaa wetu ni vumbi na jenereta.
Lakini walikuja, na harufu ya asali,
chini yake, ukiinama sana, moshi kidogo.

Nikampigia. Sikujua nianzie wapi,
nikaiweka simu katikati ya matawi, nikanyamaza.
Butembo nako kukanyamaza.
Nyuki wakasema walichokuwa wakisema.
Niliporudisha simu sikioni nilisikia pumzi yake,
ndefu, yenye maji,
halafu sauti ikajikaza:

"Umenawa?"

Yuniti zikaisha.
Nikaitazama mikono yangu.